Farrokh Bulsara wa Unguja: Mtoto Aliyevuka Mipaka Mingi

Penye wengi hapakosi mengi, na penye mpaka ndiyo zaidi. Msomaji aliyepata kufika Busia au Malaba, huko magharibi kabisa ambako Kenya inapakana na Uganda, analijua ninalolisema. Malori yaliyopakia Kilindini hujipanga huko mlolongo mrefu yakingoja kuvuka, na ndani yake wamo madereva waliozaliwa Mombasa, Kwale na Malindi. Pembeni yao hupita baiskeli na pikipiki zenye abiria, magunia ya mahindi, samaki wa ziwani na marobota ya mitumba. Hata jina la boda boda, ambalo siku hizi limeenea hadi Lamu, lilizaliwa mipakani huko, kwa wapanda baiskeli waliokuwa wakiwavusha watu kutoka boda moja hadi boda ya pili.

Watu wa huko si wepesi wa kumuuliza mtu ni wa upande gani. Wateso wako Kenya na wako Uganda. Wasamia ni vivyo hivyo. Mjomba hulala upande huu, na shamba la mpwa wake liko upande ule. Ardhi yenyewe ilipata kubadilisha jina bila kusogea hata shibiri moja, kwani hadi mwaka 1902 nchi hiyo ilihesabiwa kuwa ya Uganda, kisha Waingereza wakachora mstari mwingine na wenyeji wakaamka wakiwa upande wa pili. Kwa hiyo mtu wa mpakani akisikia watu wanagombana kwamba fulani ni wetu au si wetu, husikiliza kwanza, maana anajua kuwa swali hilo halina jibu la neno moja.

Ugomvi wa namna hiyo ndio unaomzunguka mtu ambaye leo tunamtazama maisha yake. Alizaliwa Unguja, akasomeshwa Bara Hindi, akajengea jina lake Uingereza na akafia huko. Wazee wake walimwita Farrokh Bulsara. Dunia ilimjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Wimbo wake wa kuwasifu mabingwa huimbwa viwanjani mpira unapokwisha, nchi baada ya nchi, na wengi wanaouimba hawajui kwamba aliyeutunga alizaliwa mwendo mfupi kutoka Forodhani.

UTOTO NA MASOMO

Farrokh alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946 katika hospitali ya serikali mjini Unguja. Zama zile Unguja ilikuwa chini ya Sultani na chini ya ulinzi wa Waingereza. Baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa mshika fedha wa serikali katika Mahakama Kuu. Mama yake aliitwa Jer. Walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarati, na jina la ukoo wao limetokana na mji wa Bulsar ulioko huko. Baadaye Farrokh alipata ndugu wa kike, Kashmira.

Waparsi wa Unguja walikuwa jamaa wachache, watu wa ofisi na wa biashara, nao walikuwa na hekalu lao na makaburi yao. Dini yao ni ile ya Zoroasta, watu wake ndio ambao sisi tuliokaa chuoni tumewasoma kwa jina la Majusi. Nataja hili mapema kwa sababu wako wanaomhukumu mtu huyu kana kwamba alikuwa Mwislamu aliyeiacha dini yake. Hakuwa hivyo. Alizaliwa katika dini ya wazee wake, na kama tutakavyoona, alizikwa kwayo.

Alipofika umri wa miaka minane wazee wake walimpeleka kusoma Bara Hindi, katika shule ya bweni ya St. Peter's iliyoko Panchgani, mji wa milimani kusini ya Bombay. Ilikuwa mwaka 1955. Njia hiyo ya baharini haikuwa ngeni kwa muziki wa Unguja. Miaka ishirini na saba kabla yake, mwaka 1928, Siti binti Saad na wenzake waliivuka bahari ile ile kwenda Bombay kutiliwa sauti zao katika santuri, na santuri hizo zikauzwa kote Afrika ya Mashariki. Siti alikwenda akiwa mtu mzima mwenye fani yake mkononi. Farrokh alikwenda akiwa mtoto, na fani yake aliikuta huko.

Shuleni alijifunza piano, na walimu wakaona upesi kuwa sikio lake si la kawaida. Wenzake walishindwa na jina la Farrokh wakamwita Freddie, naye akalikubali. Akiwa na miaka kumi na miwili hivi aliungana na wanafunzi wenzake wakaunda bendi waliyoiita The Hectics, wakipiga nyimbo za roki zilizokuwa zikivuma Ulaya na Marekani. Kwa mtoto aliyekuwa mbali na mama yake miaka mingi namna ile, piano ilikuwa ndugu.

Alirejea Unguja mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka kumi na sita. Mwezi wa Desemba mwaka huo Unguja ilipata uhuru, na tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi. Mambo ya siku zile yanajulikana, na kila nyumba ya Unguja ina habari yake ya kusimulia. Familia ya Bulsara ilifungasha ilichoweza kubeba ikaondoka kwenda Uingereza, ikakaa Feltham, pembezoni mwa London. Bwana aliyekuwa mtumishi wa serikali mwenye nyumba nzuri akawa mhamiaji wa kuanza upya.

KUTOKA MITUMBA HADI SANTURI

London haikumpokea kwa zulia. Kijana alifanya vibarua, hata kupakua mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Heathrow. Alisomea uchoraji na usanifu wa michoro katika chuo cha sanaa cha Ealing, akamaliza mwaka 1969. Baada ya hapo yeye na rafiki yake mpiga ngoma, Roger Taylor, walikuwa na kibanda katika soko la Kensington wakiuza nguo zilizokwishavaliwa. Mfanya biashara wa mitumba wa soko la Busia angejiona katika habari hiyo.

Mwaka 1970 Freddie alijiunga na Taylor na mpiga gitaa Brian May, ambao bendi yao ya kwanza ilikuwa imevunjika. Yeye ndiye aliyechagua jina la Queen, yaani Malkia, na yeye ndiye aliyechora nembo yake. Wakati huo huo alilitupa jina la Bulsara akajiita Mercury. Mwaka 1971 alikuja mpiga besi John Deacon, na watu hao wanne hawakuachana tena hadi mauti yalipowatenganisha.

Brian May alikuwa msomi wa elimu ya nyota, na gitaa lake alilitengeneza nyumbani pamoja na baba yake, shingo yake wakiichonga kutoka mbao za meko ya zamani. Mteso wa Amukura anayejitengenezea adeudeu yake mwenyewe, mbao, ngozi na nyuzi, angeelewa kwa nini May hakukubali kulibadilisha kwa gitaa la dukani.

Muziki wao wa mwanzo ulikuwa roki nzito, ile ambayo vijana huiita metali: magitaa yanayonguruma, ngoma zinazopigwa kwa nguvu, sauti inayopanda juu ya vyote. Santuri yao ya kwanza ilitoka mwaka 1973, na mbili zaidi mwaka 1974. Katika ile ya tatu, Sheer Heart Attack, umo wimbo wa kasi uitwao Stone Cold Crazy. Bendi ya metali ya Marekani, Metallica, iliurudia wimbo huo baadaye, nayo ikatunukiwa tuzo ya Grammy kwa uimbaji wa metali mwaka 1991. Basi wapenzi wa muziki huo mzito wakitaja nasaba yake, mmoja wa mababu zake ni mzaliwa wa Unguja.

Lakini mwaka 1975 watu hawa walikuwa na jina kubwa na mfuko mtupu. Santuri zao zilinunuliwa, na fedha hazikuwafikia kwa sababu ya mkataba waliofungana na wasimamizi wao wa kwanza. Walijitoa katika mkataba huo, wakapata msimamizi mpya, wakaingia studio wakijua kwamba santuri ya nne ikianguka na wao wameanguka. Santuri hiyo ndiyo A Night at the Opera.

Ni vyema msomaji ajue ilivyotengenezwa. Studio za wakati ule zilitumia utepe wenye njia ishirini na nne za sauti, kila njia ikibeba chombo au sauti yake. Katika wimbo wa Bohemian Rhapsody, uliotungwa na Freddie, watu watatu, yaani yeye, May na Taylor, waliimba, wakaimba tena juu ya walichokwisha kuimba, kisha tena na tena, mpaka sauti tatu zikasikika kama kaumu nzima. Kila njia zilipojaa zilikusanywa katika njia moja au mbili ili zipatikane nyingine tupu. Utepe ulipitishwa mashinani mara nyingi hata ukachakaa. Anayejua kazi ya kushona kofia ya viua kwa mkono atafahamu: tundu moja si kitu, na kofia ni matundu hayo yote na subira iliyoyapanga.

Wimbo huo una urefu wa karibu dakika sita. Wakubwa wa kampuni ya santuri walisema hakuna redio itakayoupiga, maana desturi ilikuwa dakika tatu. Freddie alimpa nakala mtangazaji wa redio moja ya London, Kenny Everett, naye akaupiga mara kumi na nne katika siku mbili za mwisho wa juma. Jumatatu watu walikwenda madukani kuutafuta. Ulitolewa rasmi tarehe 31 Oktoba 1975 ukakaa nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki tisa. Santuri nzima ilitoka Novemba, nayo ikashika nafasi ya kwanza huko na ya nne Marekani. Madeni yalilipwa, na Queen haikurudi nyuma tena.

Katikati ya wimbo huo limo neno ambalo kila mtoto wa chuoni hulitamka kabla hajafungua juzuu. Na katika santuri ya mwaka 1978, iitwayo Jazz, wimbo wa kwanza, Mustapha, umetiwa maneno ya Kiarabu. Wako waliochukizwa, na kuchukizwa kwao kunafahamika, kwani jina la Mwenyezi Mungu si la kuchezewa kwenye gitaa. Mwenyewe hakuyafafanua maneno hayo. Mimi nasema tu kwamba mtoto aliyelala na kuamka Mji Mkongwe, akisikia adhana mara tano kwa siku, hakuhitaji kamusi kuyapata. Alikuwa hapendi kuizungumza Unguja mbele ya waandishi wa Ulaya, lakini Unguja ilibaki masikioni mwake.

KOSA LA SUN CITY NA JAMBO LA WEMBLEY

Sifa bila aibu si wasifu. Mwezi wa Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga muziki Sun City, katika Bophuthatswana, moja ya nchi bandia zilizoundwa na Makaburu. Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii wasikanyage Afrika ya Kusini, na wengi walitii ingawa walipoteza fedha. Queen walijitetea kwamba wao si watu wa siasa na kwamba waliwapigia watu wa rangi zote, na wakatoa msaada kwa shule ya watoto viziwi na vipofu. Hata hivyo majina yao yaliandikwa katika orodha ya Umoja wa Mataifa na chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini. Kwa nchi zetu lilikuwa jambo la uchungu zaidi, maana Tanzania, ambayo Unguja ni sehemu yake, ilikuwa mstari wa mbele kuwasaidia wapigania uhuru. Mzaliwa wa Afrika alipaswa kuliona hilo kabla ya wenzake, naye hakuliona.

Miezi tisa baadaye, tarehe 13 Julai 1985, Queen walipanda jukwaa la Wembley katika tamasha la kuchangia waliokuwa wakifa kwa njaa Ethiopia. Walipewa dakika ishirini tu. Mbele yao walikuwa watu wapatao 72,000, na dunia ilitazama kwa televisheni. Freddie alitoa sauti, umati ukaitika, akaigeuza, ukaigeuza. Kwa Waswahili hilo si geni. Ndivyo kiitikio kinavyokwenda, mmoja akiongoza na wengi wakipokea. Wajuzi wengi wa muziki wanazihesabu dakika zile kuwa miongoni mwa maonyesho bora kabisa ya roki yaliyopata kuonekana.

MARADHI NA MAUTI

Maisha yake ya faraghani hayakulingana na mafundisho ya dini yetu, wala na matumaini ya wazee wake. Aliishi miaka kadhaa na mwanamke aitwaye Mary Austin, aliyebaki kuwa rafiki yake wa karibu hadi mwisho, na baadaye aliishi na wanaume. Hilo linajulikana na halina haja ya kufichwa, wala halina haja ya kushangiliwa. Hesabu yake iko kwa aliyemuumba.

Mwaka 1987 aliambiwa kuwa ana ukimwi. Alinyamaza. Aliendelea kufanya kazi, akaimba na Mhispania Montserrat Caballé, bingwa wa opera, santuri ya Barcelona iliyotoka 1988, na akazidi kuingia studio mwili ukipungua. Magazeti yalimwinda mlangoni kwake. Tarehe 23 Novemba 1991 alitoa taarifa kuwa ni mgonjwa wa ukimwi, na siku ya pili yake akafariki, umri wake miaka arubaini na mitano.

Hapa ndipo habari yake inaporudi kwetu, na kwa Busia na Malaba hasa. Miaka hiyo hiyo maradhi hayo yalikuwa yakisafiri kwenye barabara kuu kutoka Mombasa, na miji ya mpakani, ambako malori hulala siku nyingi, iliumia vibaya. Dereva alirudi pwani akikohoa, na nyumbani pakasemwa ni kifua, ni husuda, amerogwa. Mke akafuata, na watoto wakagawanywa kwa jamaa. Serikali ya Kenya iliutangaza ukimwi kuwa janga la taifa mwaka 1999, makaburi yakiwa yamekwisha kujaa. Tajiri wa London na dereva wa Malaba walinyamaza kwa sababu moja, nayo ni kuogopa midomo ya watu. Tofauti ni kwamba yule wa kwanza alisema mwishoni, ingawa alichelewa, na kusema kwake kuliwafanya wengi waulize na wapime. Leo ziko dawa za kumweka mgonjwa hai akilea wanawe. Aibu ndiyo iliyobaki bila dawa, na tiba yake imo mikononi mwetu.

Mazishi yake yalisomwa na makasisi wa Kizoroasta kwa lugha ya kale ya dini yao, wazee wake wakihudhuria, kisha mwili ukachomwa katika tanuri la Kensal Green. Alilitupa jina la baba yake akiwa hai, na dini ya baba yake ndiyo iliyomsindikiza.

NI WETU AU SI WETU?

Baada ya kufa kwake wimbo wake ulirudi nafasi ya kwanza Uingereza. Santuri ya nyimbo zao mashuhuri iliyotoka 1981 ndiyo iliyouzwa kuliko zote katika historia ya nchi hiyo, zaidi ya nakala milioni 7. Montreux, huko Uswisi, wamemsimamishia sanamu kando ya ziwa. Mwaka 2018 ilitoka filamu ya maisha yake, na aliyeigiza nafasi yake, Rami Malek, mwenye asili ya Misri, alipata tuzo ya Oscar.

Unguja ilibaki na ugomvi. Mwaka 2006 palipangwa sherehe ya kuadhimisha miaka sitini tangu azaliwe, jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ikapinga, na sherehe ikaachwa. Waliopinga walikuwa na hoja: wao ni wazee wa mji wenye maadili yake, na hawakupenda vijana waoneshwe maisha ya mtu huyu kama kigezo. Wenye hoteli na mikahawa nao walikuwa na yao: wageni huja wakiuliza nyumba yake, na mgeni anayeuliza hulipa. Mwaka 2019 ilifunguliwa nyumba ya makumbusho kwa jina lake Shangani.

Naona pande zote mbili zilimtaka mtu nusu. Mmoja alitaka jina lisilo na maisha, apate kuliuza. Mwingine alitaka maisha yasiyo na kazi, apate kuyalaani. Mtu hakatwi hivyo. Kumsoma si kumfuata. Vitabu vyetu vya tarikhi vimejaa wafalme na washairi tusiowafuata, na bado tumewasoma, tukachukua lililo jema na kuonywa na lililo ovu. Watu wa Busia wameishi zaidi ya miaka mia na mstari uliochorwa na wengine, na hawajamkana jamaa yao kwa kuwa alilala ng'ambo.

Lililo jema katika maisha haya ni kazi. Mtoto wa mshika fedha, aliyetengwa na mama yake akiwa na miaka minane na kupoteza mji wake akiwa na kumi na saba, aliuza mitumba, akachora, akakesha studio akiirudia sauti moja hadi ikae sawa, akakataa kuambiwa kuwa dakika sita ni nyingi. Na wako watoto leo, Mji Mkongwe na Malaba pia, wenye masikio kama yake, wanaopiga debe kwa kukosa chombo. Tukiwalea wangali kwetu, kila mmoja katika dini na heshima ya wazee wake, hatutakuwa na haja ya kugombania majina yao wakishakuwa kaburini nchi za watu.